Umesahau nywila ya faili la Excel: njia ipi ya kufuata, ipi ya kuacha

Alikuja dukani Jumatatu asubuhi, hata vumbi la mezani sijamaliza kulifuta. Ni mweka hazina wa kikundi cha VICOBA, cha kuweka na kukopa, wanachama thelathini, na Jumamosi ya wiki hiyohiyo ndiyo siku ya kuvunja mzunguko, yaani kugawana akiba. Flashi alikuwa ameifunga kwenye pindo la khanga. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akasema: "Kaka, faili limenikataa. Ile namba niliyoweka imenitoka kabisa, na hela za watu zimo humo." Hela zenyewe zipo benki, lakini nilimwelewa. Nani kanunua hisa ngapi, nani bado anadaiwa mkopo, nani hajalipa faini ya kuchelewa, yote yamo kwenye shiti moja. Bila shiti hiyo, Jumamosi ingekuwa ugomvi.

Nikamuuliza swali ninalomuuliza kila anayeniletea shida hii: "Linakukataaje, mama?"

Jibu la swali hilo ndilo linaloamua njia. Excel ina makufuli ya aina kadhaa na sisi wote tunayaita jina moja, pasiwedi. Lipo linaloondoka kwa dakika tano bila kulipa senti, na lipo ambalo hata Microsoft, walioitengeneza Excel, wanasema wazi kwamba hawawezi kukurudishia nywila yake ukiisahau. Asiyejua ameshika lipi huhangaika siku tatu akipakua programu za kufungulia faili ambalo halikuhitaji programu yoyote. Au hukata tamaa mapema na kuanza kuandika upya daftari la mwaka mzima.

Linakukataaje?

Kama faili linafunguka, majina na namba zote unaziona, ila ukigusa seli linakuambia imelindwa, hiyo ni kinga ya shiti. Kama unaandika bila shida lakini huwezi kuongeza shiti, kuibadilisha jina wala kufichua iliyofichwa, hiyo ni kinga ya muundo wa kitabu kizima. Hizi mbili ni ndugu, na dawa yao ni moja.

Kama linakuuliza nywila lakini kwenye kisanduku hichohicho kuna kitufe cha "Read Only", hiyo ni nywila ya kuhariri. Bofya kitufe hicho, hifadhi faili kwa jina jingine, na wakati wa kuhifadhi ingia "Tools", kisha "General Options", ufute nyota zilizomo kwenye nafasi ya nywila. Hapo hapahitaji fundi wala programu.

Kama hufiki popote, unaona kisanduku kimoja cha nywila na nyuma yake hakuna chochote, faili limesimbwa. Maana yake yaliyomo yamevurugwa kwa hesabu, na nywila yako ndiyo ufunguo wa kuyapanga upya. Si kwamba data ipo pale imefunikwa na pazia. Imegeuzwa, na bila ufunguo haisomeki kwa Excel wala kwa programu nyingine.

Kuna jaribio moja napenda kulifanya mbele ya mwenye faili ili aone kwa macho yake. Nasakinisha 7-Zip, programu ya bure. Nabofya faili la .xlsx kwa kitufe cha kulia cha mausi, nachagua 7-Zip, halafu "Open archive". Faili la .xlsx, la kuanzia Excel 2007, kwa kweli ni kifurushi cha zip chenye mafaili madogo ndani yake. Nikikuta folda za xl, docProps na _rels, nashusha pumzi: data ipo wazi, kilichofungwa ni kinga ya juu tu. Nikikuta EncryptedPackage na EncryptionInfo, najua kazi imebadilika. Jaribio hilo halichukui dakika moja, na linamwokoa mtu asilipie huduma isiyomhusu.

Shiti iliyolindwa: njia nne, na ninayoichagua

Njia ninayoianza mimi ni kuitoa kinga yenyewe ndani ya kifurushi. Kwanza nakili faili uweke pembeni, kwa sababu utagusa vitu vya ndani. Fungua nakala kwa 7-Zip kama nilivyoeleza, ingia xl, kisha worksheets. Utaona sheet1.xml, sheet2.xml na kuendelea, kila shiti na faili lake. Chagua inayokusumbua, bonyeza F4 ili ifunguke kwenye Notepad, halafu tafuta neno sheetProtection. Utakutana na kitu kama hiki:

<sheetProtection algorithmName="SHA-512" hashValue="..." saltValue="..." spinCount="100000" sheet="1" objects="1" scenarios="1"/>

Futa kipande hicho chote, kuanzia alama ya < hadi />. Usifute hata nukta moja zaidi. Hifadhi, funga Notepad, na 7-Zip itakuuliza kama iliweke faili lililobadilika ndani ya kifurushi. Kubali. Fungua kwa Excel na uandike utakavyo. Kama shida yako ni muundo wa kitabu, fanya hivyohivyo kwenye xl, faili la workbook.xml, ukitafuta workbookProtection.

Nasisitiza F4 ya 7-Zip kwa sababu wengi hubadilisha jina la faili kuwa .zip, hulifungua lote kwenye folda, halafu wakati wa kulifunga tena huikusanya folda ya nje badala ya vilivyomo ndani yake. Excel ikilikuta hivyo husema faili limeharibika, na mtu huogopa akidhani ameua kazi ya mwaka. Hajaua kitu, amefunga vibaya tu.

Njia ya pili ni Google. Pakia faili kwenye Hifadhi ya Google (Google Drive), lifungue, kisha lihifadhi kama Majedwali ya Google (Google Sheets). Huko nywila ya shiti haiulizwi. Wewe uliyepakia ndiye mmiliki na unaweza kuhariri, halafu ukalipakua tena kama .xlsx. Njia hii inamfaa asiyetaka kugusa mafaili ya ndani, au anayetumia kompyuta ya ofisi asiyoruhusiwa kusakinisha kitu. Hasara zake ni mbili: inahitaji bando, na faili likienda Google na kurudi linaweza kupoteza makro (programu ndogo zinazofanya kazi ndani ya Excel) na baadhi ya mapambo. Kwa orodha ya majina na michango hutaona tofauti. Kwa kitabu cha mishahara chenye makro na vitufe, rudi kwenye njia ya kwanza.

Ya tatu ni kunakili na kubandika. Kama shiti inakuruhusu kuchagua seli, chagua zote, nakili, bandika kwenye kitabu kipya. Ni haraka na haina hatari. Lakini kama aliyeilinda alificha fomula, utapata matokeo bila fomula zake, na fomula zilizokuwa zikisoma shiti nyingine za kitabu kile zitaanza kuelekea kwenye faili la zamani. Ukitaka takwimu tu ili uzichape na kuzipeleka mkutanoni, inatosha.

Ya nne ni ile makro inayozunguka mtandaoni miaka mingi, na hapa nataka nieleweke vizuri. Si uongo, ina zama zake. Kwenye mafaili ya .xls na yale yaliyolindwa kwa Excel ya kabla ya 2013, nywila ya shiti haikuhifadhiwa yenyewe. Ilifupishwa kuwa alama ndogo mno, kiasi kwamba nywila nyingi tofauti hutoa alama ileile. Makro hujaribu michanganyiko 194,560 tu: herufi kumi na moja ambazo kila moja ni A au B, na alama moja ya mwisho. Mmojawapo lazima ulingane. Ndiyo maana hukuletea nywila ya ajabu isiyofanana kabisa na uliyoweka, na bado shiti inafunguka. Kuanzia Excel 2013 mambo yalibadilika. Kila jaribio linasagwa mara 100,000 kwa hesabu ya SHA-512, na ule ulinganifu wa bahati haupo tena. Utaiacha makro ikizunguka usiku kucha na asubuhi hutakuta kitu. Kwa faili jipya, usiisumbue kompyuta yako.

Na kama una .xls ya zamani ambayo shiti yake tu ndiyo imelindwa, kuna mlango wa pembeni: ifungue kwenye Excel, ihifadhi kama .xlsx, kinga itahamia nayo, kisha uiondoe kwa 7-Zip.

Faili lisilofunguka kabisa

Hapa ndipo alipokuwa yule mama. 7-Zip ilinionyesha EncryptedPackage, nami nikamwambia ukweli palepale: kuliondoa kufuli hili haiwezekani, lililobaki ni kutafuta nywila yenyewe au kutafuta nakala ambayo haikufungwa.

Nakala ndiyo ya kuanza nayo, na watu huiruka kwa sababu haionekani kuwa ya kitaalamu. Faili lilipofungwa ni tarehe fulani. Kabla ya tarehe hiyo lilikuwa wazi, na huenda lilipita mahali. Kama ulimtumia mwenyekiti kwa WhatsApp, nakala inaweza kuwa kwenye simu yako bado: ingia folda ya WhatsApp Documents, na ndani yake kuna nyingine iitwayo Sent. Tazama barua pepe ulizotuma. Kama faili linakaa OneDrive ya akaunti binafsi, historia yake hukuwezesha kurudi hadi matoleo 25 ya nyuma, na toleo lililohifadhiwa kabla ya kuweka nywila hufunguka bila nywila. Hifadhi ya Google nayo huweka matoleo ya zamani ya faili ulilopakia, ila yanaweza kufutwa baada ya siku 30 au yakifika 100, kwa hiyo usiahirishe. Nakala ya Oktoba yenye kila kitu isipokuwa miezi miwili ni afadhali mara mia kuliko faili zima lisilofunguka. Miezi miwili utaijaza kwa stakabadhi.

Kisha kaa na kumbukumbu yako mwenyewe, na ukae nayo kwa kalamu na karatasi. Excel hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Simu ina tabia ya kuanza neno kwa herufi kubwa bila kukuambia, kwa hiyo kama uliweka nywila kupitia simu, jaribu baraka na Baraka. Angalia Caps Lock, angalia Num Lock, maana nywila nyingi za namba hukataliwa kwa sababu ya kitufe hicho kimoja. Kama uliinakili nywila kutoka kwenye ujumbe, huenda ulibeba na nafasi tupu ya mwishoni. Na kama faili lilifungwa kwenye Windows kwa nywila ndefu na sasa unalifungua kwenye Mac, jua kwamba Excel ya Mac ina kikomo cha herufi 15. Tafuta kompyuta ya Windows kabla ya kujilaumu.

Karatasi ikishindwa, ndipo programu za kubahatisha zinaingia. Za bure zinazotegemewa ni mbili, John the Ripper na hashcat. Kazi inaanza kwa chombo kidogo kiitwacho office2john, kinachochukua kutoka kwenye faili mstari mmoja mrefu wa alama, yaani ile sehemu tu inayotumika kuhakiki nywila. Mstari huo hauna jina la mwanachama hata mmoja wala shilingi moja ndani yake. Kumbuka jambo hili, nitalirudia.

Je, zitafanikiwa? Inategemea vitu viwili: umri wa faili na nywila yenyewe.

Umri kwanza. Faili la .xls la Excel 97 hadi 2003 kwa kawaida lilisimbwa kwa ufunguo wa biti 40. Funguo zote zinazowezekana ni kama trilioni 1.1, na kompyuta za leo zinaweza kuzimaliza zote, nywila iwe ndefu vipi. Faili la namna hiyo halina sababu ya kukuliza. Excel 2007 ilileta AES, usimbaji wenye nguvu zaidi, na kuisaga nywila mara 50,000 kabla ya kuikubali. Ya 2010 ikafanya mara 100,000. Ya 2013 ikabaki na 100,000 lakini kwa SHA-512 iliyo nzito zaidi. Ule usagaji huuhisi ukifungua faili lako kwa nywila sahihi, lakini anayebahatisha anaulipia kwa kila jaribio.

Sasa nywila. Tuchukulie kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro inayofanya majaribio 10,000 kwa sekunde kwenye faili la Excel ya sasa. Namba za tarakimu sita zipo milioni moja. Zinakwisha kwa sekunde 100. Herufi ndogo sita zina michanganyiko 308,915,776, karibu saa tisa. Ongeza herufi mbili tu, ziwe nane, na unafika siku 241. Changanya herufi kubwa, ndogo, namba na alama katika nafasi nane, na hesabu inapita miaka 20,000. Laptopu ya kawaida isiyo na kadi ya michoro ni ya polepole zaidi ya hapo, pengine mara mia. Kwa hiyo mtu akikwambia anafungua faili lolote la Excel, muulize nywila ya namna gani. Kama hana jibu, ondoka na flashi yako.

Lakini ukikumbuka sehemu tu ya nywila, hesabu inageuka upande wako. "Ilianza na jina la mtoto, halafu mwaka": Baraka na tarakimu nne ni majaribio 10,000, sekunde moja kwa kompyuta ile, na hata kwa laptopu ya majaribio 100 kwa sekunde ni dakika mbili hazijatimia. Ndiyo maana orodha yako ya majina ya watoto, kijiji, parokia au msikiti, timu, namba ya nyumba na miaka ya kuzaliwa ina thamani kuliko orodha kubwa za maneno zinazopakuliwa mtandaoni. Zile zimejaa maneno ya Kiingereza. Aliyeandika Tumaini@2019 hatapatikana kirahisi mle, atapatikana kwenye kichwa chake mwenyewe.

Programu za kulipia, kama zile za Passware na Elcomsoft, hazina uchawi tofauti. Zinabahatisha pia. Unacholipia ni urahisi: zina madirisha na vitufe badala ya kuandika amri, zinatumia kadi ya michoro bila kuhangaika kuisanidi, na umeme ukikatika huendelea zilipoishia. (John na hashcat nazo zinaweza kuendelea zilipoishia, ila ni lazima ujue amri yake.) Kwa ofisi inayopata shida hii mara kwa mara, inaweza kustahili. Kwa faili moja la kikundi, mimi singenunua kabla ya kujaribu za bure na mtu anayezijua. Kitu kimoja sikubaliani nacho ni kupakua toleo lililovunjwa la programu hizo. Programu ya kuvunja nywila uliyoipata kwa mtu usiyemjua ni njia nzuri sana ya kuingiza virusi kwenye kompyuta yenye mishahara ya watu.

Tovuti za kufungulia

Hapa ndipo ninapokuwa mkali na wateja wangu, na wananivumilia. Tovuti zipo, na baadhi zinafanya kazi kweli, hasa kwa .xls za zamani, kwa sababu ya zile biti 40 nilizozieleza. Kwa mafaili mapya zinapitisha orodha ya maneno na kutumaini. Lakini ili zifanye chochote, nyingi zinataka upakie faili zima. Fikiria kilichomo kwenye faili la kikundi: majina kamili, namba za simu, namba za NIDA (za kitambulisho cha taifa) zenye tarakimu 20, nani anadaiwa kiasi gani. Umempa mtu usiyemjua, katika nchi usiyoijua, na wakati uleule umemwomba atafute nywila yake. Akifanikiwa, anavyo vyote viwili.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya 2019. Mweka hazina, mwalimu mwenye alama za wanafunzi, mhasibu wa zahanati, wote wameshika taarifa za watu wengine. Wale watu thelathini hawakukubali majina yao yaende huko.

Ukilazimika kutafuta msaada wa mbali, rudi kwenye ule mstari wa office2john. Mtaalamu wa kweli anaweza kuufanyia kazi mstari huo peke yake, akakurudishia nywila, na faili lisitoke mkononi mwako hata dakika moja. Akisisitiza lazima apate faili zima, mwulize kwa nini. Anayeelewa kazi atakueleza, na maelezo yake utayapima.

Fundi wa mtaani na tovuti, nani afadhali? Nikiwa upande wa mafundi naweza kuonekana najipigia debe, lakini fundi unayekaa naye kwenye kiti, faili likiwa kwenye flashi yako na likibaki kwenye flashi yako, ni bora. Kaa hapohapo. Usimwachie flashi aende nayo nyumbani. Mkubaliane kabla: analipwa kwa muda au kwa matokeo, na atajaribu kwa siku ngapi kabla ya kusema imeshindikana. Na fundi naye ana haki ya kukuuliza faili ni la nani. Mimi nauliza. Aliyewahi kuniletea faili la mishahara la mwajiri wake wa zamani nilimrudishia flashi yake. Kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kuingia mahali usipo na idhini ni kosa, na anayekusaidia kuingia hayuko salama.

Namba ya mama

Yeye alisema neno moja ambalo nililishika: "Ile namba niliyoweka." Namba. Si jina, si neno. Tukaanza na karatasi: mwaka wa kuzaliwa, miaka ya watoto watatu, namba ya siri ya simu, siku kikundi kilipoanzishwa. Hakuna. WhatsApp tulitazama: faili alilomtumia mwenyekiti Novemba lilikuwa tayari limefungwa.

"Ilikuwa ndefu au fupi, mama?"

Akaiandika hewani kwa kidole, kama anabonyeza simu. "Ndefu. Kama namba ya simu vile."

Namba za simu za hapa zina tarakimu kumi na zinaanza na 06 au 07. Hiyo ni michanganyiko milioni 200; kwa majaribio 10,000 kwa sekunde, saa tano na nusu ukikosa bahati hadi mwisho. Ukijua tarakimu tatu za mwanzo zinabaki milioni 10, chini ya dakika 17. Alikumbuka mtandao, hakukumbuka zaidi. Nikachukua ule mstari mmoja wa alama, flashi nikamrudishia, nikaangalia LUKU, mita ya umeme, kama ina uniti za kutosha, nikaiwasha kompyuta ya nyuma yenye kadi ya michoro.

Saa nane mchana nilimpigia. Ilikuwa ni namba ya laini yake ya kwanza kabisa, iliyokwenda na simu iliyoibwa stendi ya Msamvu. Akacheka kwa muda mrefu kwenye simu, kisha akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe bado naijua," na akaitaja yote bila kukosea, tarakimu baada ya tarakimu.

Jumamosi walivunja mzunguko. Nywila mpya waliiandika kwenye karatasi, wakaikunja, wakaiweka kwenye kisanduku cha kikundi, kile cha makufuli matatu ambayo funguo zake zinakaa kwa wanachama watatu tofauti.